Kabla Hujaleta Samaki wa Dhahabu Sebuleni

Tangi kwanza, samaki baadaye. Najua umeshawaona wale wekundu kwenye mifuko ya plastiki, mtoto anakuvuta mkono na muuzaji keshaanza kukufungia. Rudi nyumbani mikono mitupu. Sababu nitaifikia.

Bakuli la mviringo liache dukani. Mdomo wake mwembamba, hewa haiingii majini ya kutosha, na chujio huna pa kuliweka. Samaki huyu si dagaa. Akitunzwa anapita urefu wa kiganja na anaishi miaka kumi na zaidi. Uingereza aliwahi kuwepo mmoja, Tish, aliyefikisha miaka 43 ndipo akafa, mwaka 1999. Samaki wa kwanza mtengee lita 75 hivi, na kila anayeongezeka lita 40. Halafu piga hesabu ya uzito: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la samaki wawili, ukijumlisha kioo na kokoto, linapita kilo 130. Hilo huliweki juu ya meza ya televisheni.

Usiliweke pia dirishani. Jua litalijaza mwani, na joto litawachosha samaki. Hawa asili yao ni China, na maji wanayoyapenda ni ya nyuzi 18 mpaka 22. Wa Mbeya na Arusha mna raha yenu. Sisi wa Dar maji ya sebuleni yanafika 29 bila hata kuyagusa, na maji yakipata joto oksijeni inapungua. Pampu ya hewa ni lazima. Iweke juu kuliko usawa wa maji, maana umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa ule mpira mpaka kwenye pampu, na kutoka hapo mpaka kwenye soketi.

Maji ya bomba yana klorini. Yalaze kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima, au nunua dawa ya kuiondoa. Mimi hufanya yote mawili.

Sasa nifike kwenye lililonigharimu.

Nilikuwa nao watatu. Miezi mitatu walikula, walicheza, walikuja kwenye kioo nikipita. Ikakaribia Idi, wageni wanakuja, nami ni mtu wa usafi. Nyumba yangu huwezi kukuta vumbi juu ya feni. Nikalitazama lile tangi. Kokoto zina utelezi, sponji ya chujio imekuwa ya kahawia, kioo kina ukungu wa kijani. Nikaona aibu. Nikawahamishia samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, kokoto nikazimwagia maji ya moto, kioo nikakisugua, sponji nikaikamua chini ya bomba mpaka ikarudi nyeupe kama siku niliyoinunua. Sikutumia sabuni, na maji mapya niliyalaza siku mbili, kwa hiyo kwa upande wa klorini sina kosa. Siku ya Idi kila aliyeingia alilisifia tangi kabla ya biriani.

Siku ya tatu maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Nikasema ni chakula, watoto wa wageni walikuwa wanawatupia tu. Ya nne asubuhi nikawakuta wote watatu juu kabisa, midomo nje ya maji, wanatweta. Unajua nilifanya nini? Nikaliosha tena. Lote. Jioni alikufa mmoja, alfajiri wa pili.

Nikamfuata kijana aliyeniuzia, nimepandisha, nimejiandaa kabisa kumwambia kaniuzia samaki wagonjwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dada, ile sponji uliifanyaje?" Nikamwambia kwa fahari: niliikamua ikatakata. Akashika kichwa. "Basi umewafukuza wafanya usafi wote, dada yangu. Nani atazoa taka?"

Habari yenyewe ni hii. Samaki hutoa amonia, nyingi inapitia matamvua yake anapopumua, na chakula kilichooza kinaongeza nyingine. Amonia ni sumu, na maji yakiwa ya joto kama yetu inakuwa kali zaidi. Kinachomwokoa samaki ni bakteria. Kundi la kwanza linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka ubadilishe maji. Bakteria hao hawakai majini kwa wingi. Makao yao ni ule utelezi wa kokoto, ukungu wa kioo, na zaidi ya kote ile sponji ya kahawia niliyoionea aibu. Tangi jipya huwachukua wiki nne mpaka sita kujijenga, na hapo lazima wawe wanapata amonia ya kula. Ndiyo maana unaliendesha bila samaki, ukitupia punje chache za chakula zioze humo. Mimi bakteria wangu niliwaua kwa siku moja, nikawarudisha samaki watatu kwenye maji yasiyo na mzoaji.

Kwa hiyo kuosha kwenyewe ni hivi. Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, ukiuchokoachokoa kwenye kokoto uzoe kinyesi. Ikiwa ni wiki ya kuosha sponji, maji hayo usiyamwage bado: sponji izamishe humo humo, ibane mara mbili tatu, irudishe ikiwa bado ya kahawia. Wiki ya sponji, kokoto ziache. Kioo futa upande unaoutazama tu. Kipimo cha amonia na nitriti ukikipata, nunua. Vyote viwili visome sifuri. Umeme ukikatika saa nyingi, usiwashe chujio moja kwa moja, kwa kuwa maji yaliyolala ndani yake yameharibika. Lifungue, lisuuze kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Wa tatu alipona. Nilimbadilishia theluthi ya maji kila siku kwa wiki mbili, na yule kijana akanipa kipande cha sponji chafu kutoka kwenye tangi lake, bure. Sijawahi kupokea uchafu kwa shukrani namna ile.

Chakula: kidogo, kiishe ndani ya dakika mbili. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhia, kwa hiyo ataomba siku nzima kama hajala tangu jana. Usimwonee huruma. Mkate hapana, wali hapana. Ukisafiri siku nne tano, mwache na njaa yake. Jirani mwenye moyo mwema atamwaga kopo zima.

Dawa ya mbu ya kupuliza isiingie chumba hicho. Nyingi zina sumu kali mno kwa samaki, na pampu ya hewa inaivuta na kuipeleka majini. Mwambie na dada wa kazi, mwambie na babu, maana atakayepuliza ni yule ambaye hukumwambia. Mikono yenye losheni isiingie majini. Ndoo ya samaki isifuliwe nguo. Samaki mpya mtenge kwanza wiki mbili kwenye chombo chake. Paka mnamjua wenyewe. Na siku ukichoka nao, usiwamwage mtoni wala bwawani kwa kuwaonea huruma: huko wanazaliana, wanatibua tope, wanakula mayai ya samaki wa wenyewe. Mrudishie muuzaji, au mpe mtu mwenye tangi, ila kabla hajawachukua muulize anaoshaje sponji.