Somo: Kiduha kwenye mahindi, ukiona ua la zambarau ujue umeshachelewa

Wadau habari za msimu. Niliahidi kuandika kuhusu kiduha, huku kwetu Rorya wengi tunasema kayongo, sasa leo nimepata nafasi.

Kwanza tuelewane, hili sio gugu kama mengine. Mengine yanagombania mbolea na maji na mahindi yako, hiki kinanyonya kwenye mzizi kabisa. Kama huamini chukua hindi moja lililodumaa, usiling'oe, lichimbe na bonge lake la udongo, tumbukiza kwenye ndoo ya maji uache udongo uachie wenyewe taratibu. Utaona vitu vyeupe laini kama uzi vimegandana na mzizi, ndio viduha hivyo, havijatoka hata nje. Juu hindi limenyong'onyea kama lina kiu na mvua imenyesha jana.

Mbegu zake ni vumbi kama ugoro, mche mmoja unaweza kumwaga 50,000 na zaidi, zinakaa udongoni miaka 10 na kuendelea, na haziamki mpaka zisikie harufu ya mzizi. Hiyo harufu inaitwa strigolaktoni, hindi linaitoa ili kuita kuvu wa kulisaidia kupata fosforasi, kiduha nacho kinadandia wito usio wake. Kwa hiyo kazi yetu sio palizi tu, ni kumaliza akiba ya mbegu iliyoko chini.

Hatua ya 1: palizi mbili za mwanzo fanya kama kawaida, ya kwanza wiki ya 2 au ya 3, usichelewe. Ila kiduha huwa kinatokeza kuanzia wiki ya 6 hivi, wakati mtu keshamaliza palizi na jembe kaliweka juu, ndipo kinapotupiga.

Hatua ya 2: rudi shambani mara ya tatu, ng'oa kwa mkono kabla hakijatoa maua, choma moto. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nang'oa natupa mpakani, vingine vilishaweka mbegu, msimu uliofuata mpaka wote zambarau tupu jirani ananiangalia tu. Kung'oa hakuokoi mahindi ya mwaka huu, hasara ishafanyika chini, unaokoa ya mbele.

Hatua ya 3: badilisha zao, panda zao la mtego, yaani linaloamsha mbegu za kiduha ila halikilishi. Karanga, soya, alizeti, na pamba ndugu zangu wa kanda ya ziwa! Mwaka 1966 wanasayansi walipoipata kemikali ya ile harufu mara ya kwanza waliitoa kwenye mizizi ya pamba, na kiduha hakiwezi kuishi kwenye pamba. Kinaitwa mezani, kinafika hakuna chakula, kinakufa. Ila usitegemee msimu mmoja utasafisha shamba.

Hatua ya 4: vuta-sukuma, mimi ndio naiamini zaidi. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita upande wa Kenya walikuwa wanahangaika na bungua wa mahindi, wakapanda desmodiamu (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) katikati ya mistari ili kumfukuza na mabingobingo pembeni ya shamba kumvutia huko, wakashangaa na kiduha nacho kinapungua. Kumbe mizizi ya desmodiamu inaamsha mbegu za kiduha halafu inakizuia kisishike mzizi wa hindi. Mahindi weka mistari ya sentimita 75, katikati chora kamfereji kadogo, mbegu za desmodiamu ni ndogo mno kwa hiyo changanya na mchanga laini, kilo 1 inatosha heka. Msimu wa kwanza inakua kwa kujivuta na inafanana na magugu, vibarua wataipalilia yote usiposimama nao. Ikishika inakaa miaka, unaikata unalisha ng'ombe, na lazima uikate kabla ya kupanda la sivyo itafunika mahindi machanga.

MASWALI

Swali: Kaka si nipige tu dawa ya magugu yamalizike?
Jibu: Glaifoseti itaua na mahindi. Tufodi (2,4-D) inaunguza kiduha kilichotoka nje ila kama umechanganya maharage imekula kwako, na kumbuka kikitoka nje kishanyonya.

Swali: Mbolea inasaidia au ni hadithi za maduka?
Jibu: Inasaidia kweli. Hindi lenye njaa ndio linatoa ile harufu kwa wingi, ndio maana shamba lililochoka linajaa kiduha na la jirani mwenye samadi halina sana.

Swali: Mkuu mimi nipo Kyela, kwenye mpunga wa bondeni tuna gugu tunaita mbosyo, hayo mazao ya mtego yanafaa?
Jibu: Huo ni ndugu wa mbali wa kiduha ila tabia tofauti. Mbosyo unaota wenyewe hata bila mpunga ukipata maji na mwanga, kwa hiyo kuudanganya kwa zao la mtego hapana. Ng'oa mapema kabla haujaweka mbegu.

Swali: Shikamoo mwalimu, nikimpa ng'ombe viduha nilivyong'oa badala ya kuchoma?
Jibu: Marahaba mwanangu. Kama havijatoa maua mpe tu. Vikishaweka mbegu usithubutu, zinapita tumboni zinatoka kwenye kinyesi zikiwa hai, halafu hiyo samadi unairudisha shambani kwa mkono wako.