Jinsi ya Kuiomba Halmashauri Ikague, Ipogoe au Iondoe Mti Ulio Kwenye Ardhi ya Umma

Mti ulio kando ya barabara, kwenye bustani ya wananchi au katika uwanja wa shule ya umma ni mali ya umma, na mwenye mamlaka ya kuugusa kwa msumeno ni halmashauri au taasisi iliyokabidhiwa ardhi hiyo. Mwananchi hana ruhusa ya kuukata wala kuupogoa kwa hiari yake, na katika nchi nyingi kufanya hivyo ni kosa linaloadhibiwa. Anachoweza kufanya, tena kwa haki kamili, ni kuomba. Nimeona maombi mengi ya msingi yakikwama kwa kasoro moja: mwombaji ameandika anachotaka kifanyike, yaani mti ukatwe, bila kueleza alichokiona. Afisa wa miti haamui kwa kufuata matakwa ya mtu. Anatazama dalili zilizo kwenye mti, anatazama ni nani au ni nini kitaangukiwa, ndipo anapima kama hatari inalingana na hatua inayoombwa. Ombi zuri ni lile linalompa mambo hayo yote kabla hajatoka ofisini.

Jiulize kwanza kama ni dharura

Tawi lililokatika likabaki linaning'inia juu ya njia, shina lililopasuka hivi karibuni, au mti ulioinama ghafla huku udongo wa upande mmoja ukiwa umenyanyuka na kufanya nyufa, haya hayasubiri fomu. Piga simu ya dharura ya halmashauri mara moja na uwazuie watu wasipite chini yake. Ikiwa tawi limegusa waya wa umeme, wa kwanza kupigiwa ni shirika la umeme. Usisogee karibu wala usijaribu kulivuta tawi hilo kwa kitu chochote, kwa kuwa umeme hupita kwenye tawi bichi na hata kwenye ardhi yenye maji. Kuinama kwenyewe, hata hivyo, si dharura kila mara. Mti ulioota umeinama tangu mche, kisha kilele chake kikajikunja kuelekea juu kutafuta mwanga, umeshajijengea mbao za kuuhimili mkao huo na unaweza kuishi hivyo miaka mingi.

Hatua ya kwanza: hakikisha mti ni wa nani

Ardhi inayoonekana ya umma inaweza kuwa ya halmashauri, ya wakala wa barabara kuu, ya reli, ya mamlaka ya maji au ya mtu binafsi, na ombi lililopelekwa pasipohusika hupoteza wiki nyingi. Tazama ramani ya viwanja au uulize ofisi ya ardhi. Mti uliosimama juu ya mpaka hutazamwa mahali shina linapotoka ardhini, na mara nyingine huhesabiwa kuwa mali ya pande zote mbili. Kuhusu matawi yanayovuka mpaka na kuingia kwako, sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi. Uliza kwa maandishi kabla ya kukata hata kijitawi.

Hatua ya pili: utazame mti, ukianzia chini

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi. Watu wengi huinua macho juu, ilhali kasoro nzito mara nyingi hujificha penye mizizi. Zunguka shina lote. Ukiona uyoga mgumu uliojishikiza kwenye gome karibu na ardhi, mfano wa rafu ndogo ya mbao, piga picha na uuache ulipo. Uyoga huo ni dalili kwamba kuvu inakula mbao za ndani au mizizi, na afisa huutumia kutambua aina ya ubovu na kasi yake. Nimeshuhudia mkazi mwenye nia njema akiukwangua wote ili "kuuponya" mti, na mkaguzi alipofika akakuta gome tupu. Angalia pia kama kuna mtaro uliochimbwa karibu siku za nyuma, kwa sababu mizizi mingi ya mti hukaa ndani ya sentimeta 60 za juu za udongo na huenea mbali kupita kivuli cha matawi. Mtaro wa bomba unaweza kukata mizizi inayoushikilia mti bila jani hata moja kunyauka mwaka huo.

Kisha inua macho hadi shinani. Nyufa zinazoingia ndani ya mbao zina uzito kuliko magamba ya gome yanayobanduka yenyewe. Kagua panda kubwa, yaani mahali shina linapogawanyika mara mbili: panda iliyo wazi na yenye uvungu wa duara huwa imara, lakini panda iliyobana ambayo gome limemezwa katikati ya mashina mawili ni dhaifu, kwa kuwa mbao za pande hizo hazikuungana kamwe. Shimo shinani peke yake halitoshi kuuhukumu mti. Nguvu ya shina hukaa zaidi kwenye mbao za nje, na kama vile bomba lisivyohitaji kujaa ndani ili lisimame, mti wenye uwazi unaweza kuwa salama mradi ukuta uliobaki ni mnene wa kutosha. Juu, tafuta matawi yasiyo na majani wakati mengine yanayo, ukikumbuka kwamba baadhi ya miti hupukutisha majani yote kwa msimu.

Hatua ya tatu: vipimo, mahali na picha

Zungusha futi ya kushonea au kamba kwenye shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, ambacho ndicho kimo kinachotumiwa na wapimaji wa misitu katika nchi nyingi. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 unakupa kipenyo, kwa hiyo shina lenye mzingo wa sentimeta 157 lina kipenyo cha takriban sentimeta 50. Kama mti umepigiliwa kibati chenye namba, iandike namba hiyo, maana ndiyo inayoutambulisha kwenye daftari la halmashauri. Picha tatu zinatosha: mti wote pamoja na kitu kinachotambulika kama lango au nguzo, kasoro kwa karibu ukiwa umeweka kitu cha kupimia kama kalamu, na sehemu inayoweza kuangukiwa.

Hatua ya nne: andika ombi

Omba ukaguzi, na pendekezo lako la kazi, kama unalo, liwe la mwisho. Maelezo yanaweza kuwa mafupi kama haya: "Ninaomba ukaguzi wa mti mmoja ulio ukingoni mwa barabara, hatua kumi na mbili kutoka lango la shule ya msingi. Mzingo wake ni sentimeta 157. Kwenye panda iliyo kimo cha mita tatu hivi kuna ufa ambao mwezi uliopita haukuwepo, na shina moja limeelekea mahali watoto wanaposubiri kuvuka asubuhi na mchana. Picha tatu zimeambatishwa." Sentensi ya watoto ndiyo iliyobeba uzito. Tawi lililokauka katikati ya pori la mji lina hatari ndogo. Tawi hilohilo likiwa juu ya kituo cha basi hupanda daraja, kwa sababu kinachopimwa ni uwezekano wa kuanguka, uwezekano wa kumpata mtu, na ukubwa wa madhara, vyote kwa pamoja.

Zipo sababu ambazo halmashauri nyingi hazizikubali zikisimama peke yake: majani kujaa kwenye mifereji ya paa, kivuli, kinyesi cha ndege, chavua, kuzibwa mandhari au mawimbi ya televisheni. Ni kero za kweli, lakini mti huo huo unapooza hewa, unapunguza kasi ya maji ya mvua na unawahudumia watu wengi kuliko mwombaji mmoja. Kuhusu mabomba ya majitaka, mizizi kwa kawaida haivunji bomba zima lililo imara. Huingia kwenye maungio yanayovuja, na mara nyingi jibu litakuwa kwamba bomba likarabatiwe. Ikiwa unadai mti umepasua ukuta wa nyumba, ambatisha ripoti ya fundi wa majengo, kwa kuwa nyufa za ukuta zina sababu nyingi.

Usiombe mti "upunguzwe kichwa". Kukata vilele vyote kwa pamoja huunyima mti majani yanayoulisha, huacha vidonda vinavyooza, na machipukizi yanayotoka baadaye huwa mengi, marefu na yenye mshiko dhaifu, hivyo hatari unayoikimbia hurudi imeongezeka. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alionyesha kwamba mti hauponi kidonda kama ngozi inavyopona, bali huizingira sehemu iliyooza kwa kuta za ndani. Ndiyo maana tawi hukatwa nje kidogo ya uvimbe ulio shingoni mwake, si kwa kulibandika msumeno shinani wala kwa kuacha kisiki, na ndiyo maana kupaka kidonda rangi au lami hakuzuii ubovu.

Hatua ya tano: wasilisha na upate namba ya kumbukumbu

Tumia fomu ya halmashauri, ya mtandaoni au ya karatasi, ukisaini nakala mbili pale inapowezekana na kubaki na moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Namba ya kumbukumbu na tarehe ni muhimu kuliko inavyodhaniwa: ofisi iliyoarifiwa kwa maandishi haiwezi baadaye kusema haikujua, na wewe unaweza kufuatilia bila kuanza upya. Malipo, yakitakiwa, yawe na stakabadhi.

Hatua ya sita: ukaguzi na uamuzi

Mkaguzi huanza kwa macho, kisha hugonga shina kwa nyundo ya mbao au ya plastiki na kusikiliza. Penye mbao nzima mlio huwa mkavu na mfupi, penye uwazi huvuma. Akiwa na shaka anaweza kuita chombo cha kutoboa kwa sindano nyembamba kinachopima ukinzani wa mbao, au kile kinachopitisha mawimbi ya sauti kutoka upande hadi upande. Kuwapo siku hiyo kunasaidia, mradi umwonyeshe ulichokiona na kumwachia nafasi. Matokeo yanaweza kuwa kuuacha na kuukagua tena baada ya muda, kuondoa matawi makavu, kuupunguzia uzito upande mmoja, kuufunga panda kwa kamba maalumu, au kuuondoa. Kazi isiyo ya haraka inaweza kuahirishwa ndege wakiwa wameatamia, na hilo katika nchi nyingi ni takwa la sheria.

Ukikataliwa, omba nakala ya ripoti ya ukaguzi kabla ya kukata rufaa, na ujibu hoja zilizomo humo tu. Hali ya mti ikibadilika, kwa mfano ufa umerefuka, hiyo si rufaa bali ni taarifa mpya. Iwasilishe siku hiyohiyo na picha yenye tarehe.

Mti ukiondolewa

Uliza katika barua hiyohiyo mambo mawili: kisiki kitasagwa lini, na mti gani utapandwa badala yake. Unaweza kupendekeza aina isiyojaa tayari mtaani kwako. Mwaka 1990 Frank Santamour wa Marekani alishauri kwamba aina moja ya mti isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji, ili ugonjwa au mdudu mmoja asiifagie mitaa mizima. Halmashauri nyingi hukosa watu wa kumwagilia miche, kwa hiyo mkazi anayejitolea kwa maandishi kuumwagilia mti mpya miaka miwili au mitatu ya mwanzo huongeza nafasi ya kupandiwa. Maji yamwagwe polepole juu ya bonge la mizizi, na kigingi kilegezwe shina linapoanza kujisimamia, kabla kamba haijakata gome.