Jinsi ya kuandaa wazo la tangazo na kulipeleka kwa mteja

Juzi nilikaa na kijana ninayefanya naye kazi, tukiandaa wasilisho lake la kwanza: tangazo la shule ya udereva. Hizi ndizo hatua tulizopita.

1. Uliza shida, si tangazo

Mteja atakuambia anataka bango. Muulize kwa nini sasa, na nani mwenye kauli ya mwisho. Majibu yaandike kwa maneno yake mwenyewe, usiyapambe.

2. Tafuta sentensi moja

Kompyuta ibaki imezimwa. Kunja karatasi ya A4 mara tatu, upate vyumba 8, kila chumba wazo moja kwa penseli. Mengi yatakuwa takataka. La sita kwetu lilikuwa abiria aliyesinzia kiti cha nyuma, mdomo wazi, dereva haonekani. Sentensi yake: "Ukifundishwa vizuri, abiria wako hulala." Kama huwezi kumweleza mtu kwa simu akacheka au akanyamaza kidogo, hapo hujapata wazo, una mapambo.

3. Chora

Nyeusi na nyeupe kwanza. Rangi huficha udhaifu.

4. Amua unapeleka mawazo mangapi

Mimi napeleka moja. Zamani nilipeleka matatu, la tatu likiwa la kujazia tu. Mteja akasema: "Chukua maneno ya la kwanza, picha ya la pili, rangi za hili la mwisho." Nilikesha siku mbili nikiunganisha, na kilichotoka hakikumpendeza yeye wala mimi. Tukaanza upya.

Lakini kuna mambo. Kama mlikubaliana matatu, peleka matatu, ila yawe njia tatu tofauti, si wazo moja lililobadilishwa nguo. Taja wazi lipi unalipendekeza. Usitie hata moja ambalo hungependa kulitengeneza, maana ndilo litakalochaguliwa. Mwenye kauli asipokuwepo, omba siku nyingine. Ikishindikana, acha ukurasa mmoja wenye ile sentensi na sababu zake, kwa sababu picha ikitembea peke yake itaelezwa na mtu asiyeijua. Na faili usilitume kabla ya kikao, hata wakikubembeleza. Litafunguliwa kwenye simu, mtu akiwa kwenye foleni, na hukumu itatoka wewe hupo.

5. Wasilisha

Anza na shida, kwa maneno yale uliyoyaandika hatua ya 1. Kisha sentensi. Kisha picha. Kisha nyamaza, kimya kikikuuma, kunywa maji. Tumia PDF yenye fonti zilizoingizwa ndani, maana kwenye kompyuta ya mwenyeji maandishi yako yanaweza kugeuka sura. Slaidi zinazorukaruka mimi sizitaki kabisa. Projekta hufifisha rangi, kwa hiyo beba na nakala iliyochapwa.

6. Pokea maoni

"Sijaipenda" ichimbue: sehemu gani haigusi ile shida? Akisema nembo ikuzwe, mara nyingi anachotaka ni jina lake lionekane mapema, na hilo lina njia nyingine. Mliyokubaliana yaandike, umtumie siku hiyohiyo.

Wa kwetu aliomba kitu kimoja tu: abiria afunge mdomo. Tumeufunga.