Kuunganisha simu na redio ya gari la Japani: soma kwanza, ndipo uulize

Swali hili linarudi kila wiki, basi jibu ni hili. Ni kwa redio za asili za Toyota na wenzake, zinazoteremka bandari ya Malindi, Unguja, na menyu ya Kijapani.

1. Simamisha gari, vuta hendibreki. Likitembea, menyu ya kusajili inajifunga.

2. Washa Bluetooth ya simu.

3. Futa simu za mwenye gari wa mwanzo, maana nafasi zikijaa redio haipokei mpya. 設定 ni mipangilio, 削除 ni kufuta. Kwengine elekeza kamera yenye Google Translate.
Msichomoe betri eti redio isahau! Redio nyingi za Toyota zenye ramani zina kinga ya wizi: umeme ukikatika na kadi ya ramani haimo, inajifunga na kudai namba ya siri, na kuipata ni pesa. Kadi hiyo ya SD msiichomoe mkatia nyimbo.

4. Bonyeza 登録, yaani sajili, kisha chagua jina la redio kwenye simu. PIN ni ile ya kwenye kioo cha redio. Isipoonekana, jaribu 0000 au 1234.

MASWALI

— Yangu inakataa, nisaidieni.
— Gari gani, simu gani, hatua ya ngapi?
— IST. Nimefanya zote.
— Umefuta simu ngapi?
— Hiyo bado.
— Basi hujafanya zote.

— Sheikh, mbona simu napokea vizuri ila nyimbo hazitoki?
— Umeuliza la maana. Bluetooth ina njia mbalimbali: mazungumzo yanapita HFP, muziki A2DP, majina ya kwenye simu PBAP. Baadhi ya redio za zamani zina HFP tu. Kwenye Android gusa alama ya gia kando ya jina la redio: swichi ya muziki ikiwepo, iwashe, isipokuwepo, usihangaike na mipangilio, redio yenyewe haina.

— Mie nilinunua kile cha kuchomeka tundu la kiberiti, cha kurushia nyimbo za simu kwenye FM ya redio, hakishiki.
— Umekiweka ngapi?
— 101.
— FM ya Japani kwa redio nyingi inaishia 90. Weka baina ya 87.5 na 90, pasipo na stesheni.
— Kumbe ndo maana stesheni nyingi za hapa sizipati!
— Ndo hivyo. Kuna kidude kinafungwa baina ya waya wa antena na redio, kinashusha masafa; mafundi redio wanakijua. Kikiwa cha megahezi 20, stesheni ya 100 utaikuta kwenye 80.