Kumeza TLD pamoja na dawa nyingine

Huku Kayole mimi huketi na wagonjwa wapya kliniki, na mwenyewe natumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI; TLD ni kidonge kimoja cha hizo. Karibu kila mtu huanza kwa kuniuliza ameze saa ngapi. Chagua saa utakayoweza kuitunza kila siku. Kama unarauka kwenda Marikiti, meza kabla ya kutoka. Kama dawa inakunyima usingizi, asubuhi ni afadhali. Chakula si lazima. Naomba hili lisikike, maana wapo wanaoruka dozi kwa sababu sufuria haikuinjikwa siku hiyo.

Ukisahau, meza ukikumbuka. Ila dozi inayofuata ikiwa imekaribia, yaani yamebaki chini ya masaa manne, ingoje hiyo. Usimeze viwili kufidia.

Linaloniuma ni mtu anayemeza bila kukosa ilhali virusi havishuki, kumbe kila jioni anakunywa dawa ya kiungulia kutoka kwa kemisti. Ndani ya TLD mna tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hiyo dolutegraviri hunaswa tumboni na magnesiamu na alumini zilizomo kwenye dawa kama hiyo ya kiungulia, isifike kwenye damu ipasavyo. Kwa hiyo meza TLD masaa mawili kabla ya dawa hiyo ya kiungulia, au masaa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama wajawazito, na vile vya kalsiamu, vinaweza kumezwa pamoja na TLD mradi umekula. Hujala? Tenganisha kwa masaa hayo hayo.

Ukianzishiwa dawa za TB zenye rifampisini, daktari hukuongezea dolutegraviri ya miligramu 50, umeze masaa 12 baada ya TLD. Mwenye kisukari anayetumia metformini naye aseme, kwa sababu dolutegraviri huipandisha mwilini na huenda dozi yake ikapunguzwa. Piga picha ya kila pakiti uliyo nayo nyumbani, hata ya mitishamba, umwonyeshe mhudumu.

Najua chupa hulia ndani ya matatu, na watu husikia. Iviringishe kwa leso, lakini usihamishie vidonge kwenye karatasi, unyevu huviharibu. Kifuko kidogo cha kufyonza unyevu kilichomo ndani ya chupa kiache humo humo.

Na usiache dawa kwa uamuzi wako, hasa ukiwa na hepatitisi B, virusi vya ini. Tenofoviri na lamivudini ndizo zinazoizuia pia, na ukizikatiza ini laweza kuwaka vibaya. Macho yakigeuka manjano, nenda kliniki siku hiyo hiyo.