Tatuu kazini: jinsi ya kuificha ikafichika, na lini uiache wazi

Kabla hujatoa hela ya konsila, ile krimu nzito ya kufunika alama za ngozi, ulizia kwanza sharti la huko unakokwenda. Masharti hayafanani. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi hapa Tanzania huwa yanataka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Mwilini, maana yake hata ya mgongoni imo, na kwa daktari shati linavuliwa. Hapo mimi sina msaada. Emirates, ambako vijana wengi wa Dar na Nairobi hupeleka maombi ya kuhudumu ndegeni, wanataka tatuu isionekane ukiwa ndani ya sare, na wameandika kabisa kwamba kuifunika kwa vipodozi au bandeji hairuhusiwi. Ya begani itapita, ya kiganjani haipiti. Virgin Atlantic, shirika la ndege la Uingereza, wao tangu 2022 wamewaruhusu wahudumu waziache wazi. Hoteli na benki kila moja ina kijitabu chake cha kanuni. Kiombe kwa afisa utumishi ukisome mwenyewe, usitegemee maneno ya mlinzi wa getini.

Ukishajua kwamba inatakiwa ifunikwe, anza na kitambaa. Najua ajabu kusikia hivyo kwa mpambaji, mtu ninayeishi kwa brashi na poda, lakini mekapu ya mkononi ni ya saa chache: usaili, picha ya kitambulisho, harusi ya bosi. Kwa kazi ya Jumatatu mpaka Ijumaa na joto hili la Dar, utachoka wewe kabla ya poda. Shati la mikono mirefu la pamba jepesi linatosha. Rangi nyeupe inayoonyesha ndani usiiguse, wino unachungulia vizuri tu. Kuna soksi za mikono, zile wanazovaa madereva wa bodaboda na kina dada wa hijabu, Kariakoo zimejaa. Chukua ya rangi inayokaribia ngozi yako, ivae ndani ya shati, na hata ukikunja mikono kunawa hakuna atakayegundua. Ya shingoni inataka kola au skafu. Plasta achana nayo: siku ya kwanza watakupa pole, ya tatu wataanza kuuliza kidonda gani hicho kisichopona.

Sasa mekapu yenyewe, kwa siku ya usaili. Wengi wananiletea mikono waliyojipaka konsila ya rangi ya ngozi moja kwa moja juu ya wino. Wino mweusi ukikaa miaka huonekana wa bluu au kijani, na kahawia juu ya bluu inatoa kijivu kama majivu ya jiko. Bluu inauliwa na konsila ya rangi ya chungwa, inayotangulia ile ya rangi ya ngozi. Kama wewe ni maji ya kunde, tumia chungwa iliyofifia. Mweusi tii achukue iliyokolea, inayoelekea nyekundu. Ile ya pichi nyepesi inayotumika kwenye video za Wazungu itakuachia kiraka cheupe.

Osha mkono kwa sabuni, ukauke kabisa. Losheni tone tu, subiri inywee, maana ngozi ikiteleza hakuna kitakachoshika. Chukua chungwa kwa brashi bapa, gongagonga juu ya wino peke yake. Usisugue, ukisugua unaondoa ulichokwisha kuweka. Poda isiyo na rangi juu yake. Halafu konsila, na rangi uipime mkononi, siyo usoni, kwa sababu mkono wa mtu wa daladala umepigwa jua kuliko shavu lake. Safu nyembamba kwa sponji, kingo uzitawanye mpaka zipotee. Poda tena. Wino ukiwa bado unachungulia, rudia konsila, siyo chungwa. Malizia kwa kubonyeza poda nyingi, iache kama dakika tano, kung'uta iliyobaki kwa brashi laini, puliza spirei ya kukazia mekapu. Kaa mkono wazi dakika kumi ndipo uvae shati. Usiku uitoe kwa mafuta ya nazi, kisha sabuni.

Mahali pagumu kuliko pote ni upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Nina mteja anayekaa dirishani benki, pale ana jina la mchumba wa zamani. Mkono unalala kwenye kaunta kutwa, na kaunta inakula mekapu. Kufika saa sita herufi za mwisho zilishatoka nje, na mzee mmoja aliyekuja kutoa pensheni akamsalimia kwa jina hilo akidhani ni lake. Siku hizi anavaa saa ya mkanda mpana wa ngozi. Mekapu kwake tumeacha.

Tatuu mbichi usiipake chochote cha urembo mpaka ipone kabisa, yaani wiki kadhaa, magamba yameisha na ngozi imefunga. Na mkorogo usithubutu. Wino umekaa ndani, chini ya tabaka mkorogo unalolichuna. Ngozi ya pembeni inakuwa nyeupe, tatuu inabaki nyeusi, inaonekana hadi ng'ambo ya barabara. Anayetaka kuifuta aende kwa daktari wa ngozi aulize kuhusu leza, na aseme mapema kama ngozi yake huwa inaota makovu ya kuvimba.

Kuna wengine kazi zao hazina neno: saluni, studio za picha, matangazo, jikoni kwa baadhi ya hoteli. Hata hivyo kwenye usaili ifunike, halafu barua ya ajira ikishasainiwa na kijitabu umeshakisoma, muulize msimamizi wako ana kwa ana, siyo kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Akikubali, anza na moja, ile ndogo, isiyo na jina la mtu wala silaha. Vaa mikono mifupi siku ya kawaida ya katikati ya wiki. Siku wakija wageni wa makao makuu, rudisha soksi.