Unasomea habari na unataka kuandika siasa? Nenda Bunge la bajeti, na ujipange hivi

Wadogo zangu mnaosomea uandishi wa habari, kila mwaka fildi ikikaribia nakutana na swali lile lile, nitaandikaje siasa za kitaifa wakati bado niko chuo, sina jina na hakuna mhariri anayenijua. Jibu langu ni Dodoma, kwenye mkutano wa bajeti, ule unaoanza Aprili ukaisha mwishoni mwa Juni. Kwa karibu miezi mitatu kila waziri anasimama kueleza pesa ya mwaka jana imefanya nini na mwaka huu anaomba ngapi, na we umekaa pale pale unasikiliza. Mi nilipita huko nikiwa mwaka wa pili na sehemu kubwa ya kazi hii nimejifunzia kule, darasani nilipata msingi tu.

Anza na barua, na uanze mapema, hata Januari, maana Machi kamati za Bunge zinakuwa zimeshaanza kukaa. Tafuta chombo chenye mwandishi wake Dodoma kikupokee kama mwanafunzi wa fildi, chuo kikuandikie barua inayosema unasoma nini na fildi inaanza lini inaisha lini, na chombo kiandike ya kwake. Kwa Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya 2016 mwandishi anatakiwa kuwa na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya habari, kwahiyo ulizia Bodi ya Ithibati mwanafunzi anafuata utaratibu gani, ulizia ukiwa bado nyumbani usingoje mpaka umefika getini. Na usiazime kadi ya mtu, hata kaka yako kazini akikwambia haina shida, shida ipo na itakuwa ya kwako. Ukikwama kabisa mbunge anaweza kukualika kama mgeni, ukakaa jukwaani na wageni wengine, ndo wale unaosikia Spika anawatambulisha kwamba wamekuja kujifunza. Huoni kila kitu ukiwa kule juu ila unaanza kuzoea namna ukumbi unavyokwenda. Vaa nguo ya heshima, na kikao ni saa 3 asubuhi kwahiyo uwe umefika kabla.

Kabla hujaenda soma Kanuni za Kudumu za Bunge. Najua zinachosha, ila usipozijua utakaa pale mbunge anasimama anasema "mwongozo", mwingine "taarifa", mwingine "kuhusu utaratibu", na we unaona vurugu tupu wakati kila neno lina kazi yake. Angalia na vikao vya nyuma mtandaoni, viwili vitatu vinatosha kukupa sikio.

Sasa niwaambie kitu kilichonibadilisha. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa naandika vijembe, nani kamjibu nani, nani kapigiwa makofi. Kuna bro mmoja wa siku nyingi pale, mtu mzima, nikampa shikamoo nikamwomba aisome kazi yangu, akaisoma yote kimya alafu akasema mdogo wangu hii jioni watakuwa nayo watu wote, we una muda ambao sisi hatuna, chukua karatasi usome. Akafungua maoni ya kamati, yale yanayosomwa baada ya hotuba ya waziri, akanionyesha kwa kidole jedwali moja, safu ya fedha zilizoidhinishwa na pembeni yake safu ya fedha zilizopokelewa. Mradi ulikuwa umeidhinishiwa pesa nzuri tu, Bunge zima lilipitisha, na mpaka wanakaa kamati haijafika hata nusu. Mle ukumbini siku ile hakuna aliyeligusa. Nimeandika siasa miaka mingi sasa na bado kila nikishika kitabu cha bajeti naanza na zile safu mbili.

Kwahiyo kila siku hakikisha umepata Orodha ya Shughuli, hotuba ya waziri na maoni ya kamati, na ukiweza kuipata randama ya wizara ipate, ndiko vifungu vya matumizi ya wizara vinakofafanuliwa kwa undani. Usiandike namba uliyoisikia tu. Mi niliwahi kusikia bilioni wakati waziri kasema milioni, stori ikatoka hivo hivo, kesho yake ilibidi tuombe radhi, na yule dada wa dawati aliyenitetea kwa mhariri sikuweza kumwangalia usoni siku nzima. Siku hizi hata nikiwa na uhakika narudi kwenye karatasi.

Na namba ukiipata ifanyie kazi, usiitupe tu kwenye aya. Chukua mfano bajeti kuu ya 2025/26, shilingi trilioni 56.49. Peke yake haimwambii msomaji kitu, ni kubwa mno. Iweke karibu na ya 2024/25 iliyopitishwa mwanzoni ikiwa trilioni 49.35, unapata ongezeko la trilioni 7.14, kama asilimia 14.5 hivi, na hapo sasa una swali la kuuliza, hiyo saba imeenda wapi, kulipa madeni, mishahara au miradi, na itatoka wapi, kodi au mkopo. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba na mwandishi wa siasa anayeikwepa ataishi kwa kunukuu tu.

Kuna siku tatu nisizotaka uzikose. Alhamisi, maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, maana pale unaona nini kinawasumbua wabunge wiki hiyo. Siku ya bajeti kuu katikati ya Juni, hiyo hata usiponiuliza utaijua, mji wote unajaa. Na siku ambayo wizara inapitishiwa vifungu, Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, ndo pale utasikia mbunge anasema asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi. Maana yake anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa waziri ili waziri abanwe atoe ufafanuzi. Wanafunzi wengi wanaandika mbunge achachamaa wanaishia hapo. We andika alishika kwa jambo gani, waziri kaahidi nini na kwa maneno yapi hasa, na shilingi imerudishwa kwa ahadi ipi. Ile ahadi iweke kwenye daftari na tarehe yake, utaihitaji.

Utaihitaji kwa sababu kuna Hansard, taarifa rasmi ya kila neno lililosemwa mle, ipo kwenye tovuti ya Bunge na ni bure. Ukisikia jibu la "serikali itatenga fedha mwaka ujao" tafuta jimbo lile lile miaka miwili mitatu nyuma uone walijibiwaje. Nilifanya hivo kwa swali moja la kituo cha afya, nikakuta jibu la zamani na jibu jipya vinafanana karibu neno kwa neno, kilichobadilika ni mwaka wa fedha na jina la naibu waziri.

Kuhusu sheria, dogo, hapa tulia. Ibara ya 100 ya Katiba inampa mbunge uhuru wa kusema ndani ya Bunge bila kushtakiwa kwa alichosema. Hiyo kinga ni ya mle ndani. Akitoka getini akarudia tuhuma zile zile kwenye kinasa chako mambo ni mengine, na we ukizichapa unaweza kuwa wa kwanza kuandikiwa na wakili. Kwahiyo siku zote stori iseme wazi alisema wapi, na uripoti na jibu la aliyetuhumiwa kama lilitolewa. Kitu kikifutwa kwenye kumbukumbu rasmi kwa amri ya Kiti, yaani Spika au yeyote anayeongoza kikao, mpigie mhariri kwanza kabla hujaandika.

Bahasha nayo, ile hela anayokupa mtu unayemwandika, utakutana nayo, utaambiwa ni nauli tu mdogo wangu, na wakati huo kweli nauli huna, hela ya chuo haijaingia na chumba Dodoma wakati wa Bunge ni bei juu. Mi naomba usipokee. Nauli izungumze na chombo kabla hujaondoka, na ukikosa kabisa chagueni wiki mbili tu mkakae wawili watatu chumba kimoja mgawane wizara, huyu kilimo, huyu afya, huyu maji. Wiki mbili za wizara moja uliyoisoma vizuri zinazidi miezi mitatu ya kukimbilia kila kamera.

Na stori isiishie ukumbini. Ile ya kituo cha afya nilimaliza kwa simu, nikamtafuta mtendaji wa kijiji kupitia diwani, nikampigia jioni akiwa ametulia, nikamuuliza tu mzee pale eneo la kituo kuna nini leo. Akanijibu kuna msingi, tofali za wananchi zimeanza kumong'onyoka na mvua. Nikamwomba anitumie picha kwa WhatsApp, nikamwomba na mtu mwingine wa pale pale anithibitishie, alafu nikawapelekea wizara maswali matatu kwa maandishi nikawapa siku mbili. Hawakujibu, nikaandika kwamba niliwauliza na hawakujibu, nikampa mhariri Hansard mbili, picha na namba za simu za vyanzo, ikatoka Jumatatu.